Siku Njou Alipolipa Faini Kabla ya Kosa

Wewe uliyekaa kwenye benchi ukisubiri kupimwa presha, soma haya wakati foleni inasogea. Benchi hilo nalijua. Nimelikalia, tena kuna miezi mingi nililikimbia, na ndiyo sababu muuguzi wa kliniki ameniomba niandike yaliyonikuta. Amesema niandike kwa kifupi. Kifupi sikiwezi, lakini nitasema kweli.

Naitwa Gideoni, Baba Neema kwa watu wa mtaani. Nimezaliwa Ihanja, nikaja Itigi nikiwa kijana kutafuta asali, nikapata asali na mke. Kazi yangu ni mizinga. Naichonga mwenyewe, naitundika kule vichakani, na msimu ukifika naenda kurina. Nyuki wa huku hawana utani, na uso wangu ulishazoea kuvimba. Mama Neema alikuwa akisema ameolewa na wanaume wawili, mmoja wa kila siku na mwingine wa msimu wa asali.

Mwili nilikuwa nao. Nikiwa na miaka hamsini na mbili nilikuwa bado napanda mti kwa kamba bila kupumzika katikati. Miaka miwili kabla ya kuugua, hapa hapa kliniki, nilipimwa nikaambiwa presha iko juu, nikapewa vidonge vya kumeza kila siku. Nilivimeza miezi minne hivi. Vilipoisha sikurudi, kwa sababu sikuwa naumwa popote, na mimi nilidhani dawa ni ya mtu anayeumwa. Mama Neema alinikumbusha mpaka akachoka. Nilikuwa namjibu kwamba mtu mwenye presha hawezi kupanda mti. Maneno hayo nilijitungia mwenyewe, hakuna daktari aliyeyasema.

Sasa niingie kwenye karata, maana bila karata huu ushuhuda haupo.

Tulikuwa wanne. Njou ni fundi cherehani, mtu mpole, futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni hata Jumapili. Sospeter alikuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa reli, na huko ndiko alikojifunza mchezo wa poka akatuletea. Ramadhani anauza mafuta ya alizeti. Kila Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana tulikutana kibarazani kwa Njou, kwenye ile meza yake ya kukatia vitambaa. Dau letu lilikuwa maharage. Atakayemaliza na maharage machache kuliko wenzake, Jumapili inayofuata analeta sukari na maandazi. Hakuna aliyewahi kuuza bati la nyumba yake kwa ajili ya meza ile. Hata hivyo Mama Neema aliuchukia mchezo huo kabisa. Siku moja aliwasha jiko kwa karata zangu, nikanunua nyingine.

Poka ni hivi: unapewa karata tano, unazificha, halafu unatoa maharage kuonyesha una kitu kizuri, hata kama huna. Mwenye karata mbili zinazofanana anamshinda asiye nazo, mwenye tatu anamshinda mwenye mbili. Kazi kubwa iko usoni. Na hapo ndipo uso wangu ulipoleta shida, kwa sababu nikitoka kurina ulikuwa umevimba hausomeki, na Ramadhani alikuwa hawezi kujizuia. Atasema, leo anaficha jicho, leo mdomo unacheka upande mmoja, bila shaka ana kitu. Mchezo ukawa unaharibika. Sospeter akatuwekea sheria ya kule kambini: ni marufuku kusema lolote kuhusu uso au mwili wa mwenzako kabla mkono, yaani mzunguko mmoja wa mchezo, haujaisha na karata kufunuliwa. Atakayesema analipa faini ya maharage kumi. Tuliishika sheria hiyo kuliko amri nyingi tulizosomewa kanisani na msikitini.

Jumamosi moja nilitoka kurina. Nyuki mmoja alinichoma shavu la kushoto karibu na mdomo, mwingine sikioni. Ni kawaida. Jumapili niliamka na kichwa kizito upande wa kisogoni. Mama Neema aliniangalia wakati nakunywa uji, akaniuliza mbona mdomo umelegea. Nikamwambia ni nyuki. Akaniambia nipake kitunguu. Mpaka leo bado anajilaumu kwa kitunguu hicho, na mimi bado namwambia aache. Mwenye mdomo nilikuwa mimi.

Saa nane mchana niko kibarazani kwa Njou. Mikono ya kwanza nilicheza vizuri, nikaokota hata maharage ya Ramadhani. Kisha mambo yakaanza kuharibika, na hapa nitakwenda pole pole. Mchezaji yeyote akishindwa hurudia karata zake kichwani, akitafuta alipokosea. Mimi nimezirudia mwaka mzima.

Kwanza, karata zilinidondoka. Mimi hushika karata kwa mkono wa kushoto na kutupa kwa wa kulia. Zilidondoka zote tano, uso juu, kila mtu akaziona. Nikacheka, wakacheka. Nikaona ni mkono umechoka kwa kamba ya jana.

Kisha nikaanza kuwa mtu wa mwisho kuelewa. Ramadhani alikuwa amekaa kushoto kwangu, na mara mbili niliruka zamu yake kana kwamba kiti kile hakina mtu. Akanilalamikia. Nikamwomba radhi, na maneno yakatoka mazito, ulimi umekuwa mnene. Mate yakanitoka upande mmoja nikayafuta kwa mkono wa shati. Wote waliona. Wote walijua nimetoka kurina, na wote walikuwa na sheria. Sospeter alikuja kuniambia baadaye kwamba alidhani nimebuni ujanja mpya, kwamba najifanya mlevi ili watoe maharage. Na akayatoa, tena akashinda, akashinda tena. Siku ile Sospeter alikula karibu kila kitu changu.

Mkono ulionimaliza ulikuwa huu. Niliangalia karata zangu nikaona kwini mbili na takataka. Sospeter akasukuma kilima cha maharage. Nikafikiri, nikaona kwini mbili hazitoshi, nikazitupa mezani kukubali kushindwa. Sospeter akafunua kingi mbili. Ramadhani akazigeuza karata nilizotupa, akaguna, akaniuliza kama naumwa kichwa, maana kwini zilikuwa tatu. Nikaziangalia pale mezani. Mimi niliona mbili. Nikamwambia aache kunitania.

Njou alikuwa ametuwekea chai. Nilinyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe, kikapinduka, chai ya moto ikanimwagikia pajani. Nikaendelea kupanga maharage yangu machache.

Karata mpya zilishagawiwa, mkono ulishaanza. Njou akaziweka zake chini. Akahesabu maharage kumi kutoka kwenye kilima chake, taratibu, akayasukuma katikati ya meza. Sospeter akamuuliza ni dau gani hilo.

"Si dau," Njou akasema. "Nalipa faini yangu mapema." Kisha akanigeukia. "Gideoni, bega lako la kushoto limeshuka. Nimekushonea mashati miaka kumi na mbili, mabega yako yako sawa. Nyuki anavimbisha. Wewe hujavimba, umeshuka. Na chai hii ni ya moto."

Ndipo nikaangalia paja langu. Lilikuwa linatoa mvuke, na mimi sikuwa nasikia kitu.

Nikataka kusimama nimwonyeshe kwamba hakuna shida. Mguu wa kushoto haukuja. Nilianguka kwa ubavu kwenye mabaki ya vitambaa, na namshukuru Mungu kwa mafundi wasiofagia. Ramadhani akakimbia kutafuta bajaji. Ndani ya bajaji nilijikojolea nikiwa nimelala mapajani pa Njou, suruali yake ya Jumapili, na yeye akawa ananiambia angalia mbele tu, tumefika, tumefika. Nilikuwa nalia. Sikulia kwa maumivu, hayakuwepo, na hilo ndilo lililonitisha.

Hospitali walinipima presha, yule kijana wa vipimo akapima mara ya pili kama asiyeamini. Daktari akaniambia nicheke. Nikacheka kwa nusu ya uso. Akaniambia niinue mikono yote. Ukainuka mmoja. Akamuuliza Njou hali hii imeanza saa ngapi, na Njou akaweza kujibu, kwa sababu alikuwa anakumbuka karata zilidondoka wakati gani na nani alikuwa anagawa. Baadaye nikapelekwa kupigwa picha ya kichwa. Ni kiharusi. Mshipa umeziba upande wa kulia wa ubongo, ndiyo maana mwili wa kushoto umelala. Daktari alisema tungechelewa mpaka jioni angekuwa anazungumza na ndugu zangu, si na mimi.

Siku za kwanza sitazipamba. Nilivalishwa nepi. Nilikuwa na mpira wa mkojo. Uji ulipitia puani kwa sababu koo lilisahau kazi yake, wakaninyima chakula cha mdomo mpaka liliporudi. Nililia ovyo, hata muuguzi akinisalimia nalia. Daktari akasema ni ugonjwa, si udhaifu, lakini mwanamume wa Kinyaturu akilia mbele ya shemeji zake, maelezo ya daktari hayamsaidii sana.

Kaka yangu alikuja kutoka Ihanja. Akaniangalia, akasema huu ni upepo, watu wa hospitali hawaujui, akataka anichukue nyumbani kuna mtu wa kunitazama. Kaka yangu ananipenda, ndugu msomaji, alikuwa ameuza mbuzi wake kwa ajili ya safari hiyo. Mama Neema ni mtu wa sauti ndogo. Alimwamkia shikamoo yake kama kawaida, akamletea kiti, akamwambia, "Shemeji, huyu akitoka hapa atatoka kwa miguu yake." Basi. Kaka akakaa siku tatu, akaondoka akiwa ameniombea.

Lakini jambo lililoniuma kuliko mguu na mkono ni hili. Siku ya pili au ya tatu nilimuuliza muuguzi mke wangu yuko wapi. Nikauliza tena mchana. Nilianza kupata uchungu kwamba watu wote wamekuja, Njou amekuja, Sospeter amekuja na kuku mzima, ila yeye tu ameniacha. Nikamwambia Njou, kwa ulimi wangu ule mnene, kwamba Mama Neema amenichoka. Njou akainuka, akanishika kidevu, akanigeuza kichwa kushoto.

Alikuwepo. Amekaa kitandani, ameushika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake miwili. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi, na jana, na juzi. Alinisikia nikimuulizia. Alikuwa ananiitikia, na mimi nilidhani ni sauti ya mtu wa kitanda kingine. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

Daktari akatueleza. Macho yangu ni mazima. Ubongo ndio umeacha kuujali upande wa kushoto, umeufuta, kama vile dunia inaishia katikati ya pua yangu. Nilikuwa nakula nusu ya sahani nalalamika chakula ni kidogo. Nilikuwa nanyoa nusu ya kidevu. Ndipo nikaielewa ile kwini ya tatu. Ilikuwa karata ya mwisho kushoto.

Daktari akasema upande huo unaweza kurudi ama usirudi, inategemea namna tutakavyoulazimisha. Akamwambia Mama Neema asikae kulia kwangu hata kwa huruma. Akae kushoto, na kila asubuhi aniulize yuko wapi, anisubiri nimtafute mwenyewe. Asinigeuze shingo.

Basi kila asubuhi nilisikia, "Niko wapi?" Nami nilitafuta. Nilianza na dirisha lililokuwa kulia, halafu dari, halafu miguu yangu. Kuna asubuhi nilitafuta mpaka nikatoka jasho. Yeye anasubiri. Najua alitamani kunisaidia kwa sababu nilikuwa nasikia pumzi yake. Siku nilipompata kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa, niliona kwanza ncha ya kitenge, kisha goti, kisha yeye mzima. Nikamwambia, "Uko kushoto." Akajibu, "Nimekuwepo." Nampenda mwanamke huyu, na sikuwahi kumwambia hivyo mpaka nilipokuwa na nusu ya mdomo.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa binti mdogo mwenye amri nyingi. Aliniuliza ni kazi gani ya vidole naipenda, maana mkono hautaamka kwa kukunja taulo peke yake. Nilijua jibu, nikamtazama Mama Neema kwanza. Nikasema kwa aibu, karata. Mama Neema akakusanya vyombo vya uji akaenda kuviosha.

Kesho yake alikuja na uji, na chini ya chupa ya uji alikuwa amefunga kwenye leso karata mpya kabisa. Alisema muuza duka amemwangalia mara mbili. Hakujua hata kuzichanga. Alizigawa kama anavyogawa ugali, huyu kidogo, huyu kidogo, zote zimefunuliwa. Nilipomfundisha kuzificha alikuwa anazishika zikinitazama mimi. Akipata karata nzuri anaimba wimbo wa kwaya kwa puani. Lakini alizipanga zote upande wangu wa kushoto, moja moja, mbali zaidi kila siku, na mimi nikizifuata kwa jicho na kidole kinachotetemeka. Kuokota karata moja kulinichukua muda ambao ungetosha kusonga ugali. Wagonjwa wenzangu wakaanza kutazama. Mzee wa kitanda cha jirani akawa ananiambia karata gani nitupe, tena alikuwa anakosea.

Wiki ya tano nilitoka hospitali. Natembea kwa fimbo, mguu unaburuta, lakini nilitoka kwa miguu yangu kama kaka yangu alivyoahidiwa.

Mwaka umepita. Mkono wa kushoto umerudi sehemu kubwa, ila vidole viwili bado vizito asubuhi. Mti sipandi tena. Niliumia sana kwa hilo, sitasema uongo, siku ya kwanza ya msimu nilikaa uani nikakataa chakula. Sasa mizinga yangu iko chini kwenye vichanja, urefu wa kifua, na nyuki hawajaona tofauti, wananichoma kama zamani. Vidonge nameza kila siku saa moja asubuhi. Sivimezi kwa sababu naumwa. Navimeza kwa sababu siumwi.

Njou nimemshukuru mara nyingi, hapendi. Anasema anachotaka ni maharage yake kumi, kwa sababu mkono ule haukuisha, kwa hiyo faini haikuwa halali. Tunabishana mpaka leo. Sospeter, ambaye alijilaumu sana kwa kumla mgonjwa, ndiye aliyefuta sheria yake mwenyewe na kuweka nyingine. Sasa kabla karata hazijagawiwa, kila mmoja anawatazama wenzake usoni, anacheka meno yote, anainua mikono miwili juu, anataja jina lake na la mkewe. Wapita njia wanadhani tumeanzisha kanisa. Ramadhani ana wake wawili, kwa hiyo yeye anachelewesha mchezo.

Nawe uliyeko kwenye benchi, fanya hivyo na watu wako. Mwangalie mwenzako. Mdomo ukishuka, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakiwa mazito, usiseme ni nyuki, usiseme ni pombe, usiseme ni ujanja, usimlaze ukamsubiri aamke vizuri. Mlete saa hiyo hiyo. Na kama vidonge vyako vimekwisha, leo usiondoke hapa bila vingine. Mungu amenirehemu, lakini amenirehemu kwa mtu aliyekubali kuvunja sheria ya meza.

Nyumbani tunacheza jioni, mimi na Mama Neema, kabla giza halijaingia. Juzi alinigawia tano. Nikaanza upande wa kulia nikaenda kushoto, kama nilivyofundishwa: saba, kumi, kwini, kwini, na ya mwisho kabisa, kwini. Tatu. Yeye alikuwa anaimba kwaya kwa puani, kwa hiyo nilijua hata yeye ana kitu. Nikaziweka karata chini. Akaniuliza mbona sichezi.

Nikamwambia aniulize kwanza lile swali lake. Daktari alishasema halina tena kazi, miezi mingi sasa. Akatabasamu, akalificha tabasamu nyuma ya karata, akaniuliza.

"Niko wapi?"

Sikuhitaji kutafuta. Niligeuka hata hivyo, pole pole, nikaanza na ncha ya kitenge.